Nabii, Mfumbuaji na Mdomo wa Kuazimwa

Mwaka 1937 ilichapishwa mjini Stuttgart, Ujerumani, Biblia ya Kiswahili iliyofasiriwa na mmisionari Karl Roehl. Msomaji wa pwani akiifungua na kulitafuta neno "nabii" hatalikuta. Mahali pake limewekwa neno "mfumbuaji". Isaya ni mfumbuaji, Yeremia ni mfumbuaji, na kusema kwa amri ya Mungu ni kufumbua. Neno hilo halikudumu kwa maana hiyo. Lakini kufa kwa neno si hoja ya kulisahau, kwani mara nyingine neno lililoshindwa huacha nyuma yake swali ambalo neno lililoshinda halikulijibu. Swali lenyewe ni hili: Mungu anaposema na watu kwa kinywa cha mtu, yule mtu anafanya nini hasa? Je, anapeleka habari, anafungua fumbo, au anaazimisha mdomo wake tu?

Swali hili lina mahali pake pa kuulizwa, napo ni pande za Bukoba na Muleba, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya. Roehl alikuwa wa Misheni ya Betheli, na misheni hiyo ndiyo iliyompeleka Ernst Johanssen Bukoba mwaka 1910. Huko, katika muda usiofika miaka sitini, namna zote tatu za kusema kwa niaba ya asiyeonekana zilikutana, zikashindana, na katika kushindana kwao zikazaa jambo ambalo msomaji wa mashairi hana budi kulitazama.

Yafaa kwanza kulipa kila neno haki yake. "Nabii" ni neno la Kiarabu, nalo limetokana na shina lenye maana ya habari. Nabii ni mwenye kupewa habari akaitoa. Kiebrania kina neno la ukoo huo huo, na Wayunani walilifasiri kwa neno lenye maana ya msemaji, yaani mwenye kusema kwa niaba ya mwingine. "Mfumbuaji" limetokana na kufumba, likatiwa kauli ya kutendua. Anayefumba hufunga jicho, kiganja, mdomo au maana, anayefumbua huvifungua. Roehl alilichagua kwa sababu alitaka kupunguza Kiarabu katika Kiswahili cha Kanisa, akiamini kuwa Wabantu wa bara wangelielewa zaidi neno lenye mizizi ya Kibantu. Rai hiyo ilipingwa. Mwaka 1931 G. W. Broomfield, aliyekuwa mmisionari hapa Zanzibar, aliandika makala ya kuikanusha fikra ya kukirudisha Kiswahili kwenye Ubantu. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Maneno yenye asili ya Kiarabu yameshakuwa Kiswahili, na mwenye kuyang'oa hupalilia shamba kwa kung'oa mpunga.

Broomfield alishinda. Biblia iliyotolewa mwaka 1952 kwa ajili ya makanisa ya Kiprotestanti ilibaki na nabii. Lugha yake ilitoka katika mkondo wa Kiunguja uliochimbwa na Askofu Edward Steere, yule aliyejenga kanisa la Mkunazini, na ambaye kazi yake ilikamilishwa na wengine katika Biblia ya Kiunguja ya mwaka 1891. Kwa hiyo, Mhaya wa Kamachumu anapomsoma Amosi kwa Kiswahili, husoma lugha ambayo kisiwa hiki kina sehemu kubwa ndani yake. Tena neno nabii halikufika Bukoba kwa njia ya pwani peke yake. Waprotestanti wa kwanza wa Bukoba walijifunza dini kwa wasomaji waliotoka Buganda na kwa vitabu vya Kiganda, na Kiganda nacho kilikuwa kimeshalipokea neno hilo na kulitamka kwa namna yake. Neno la Kiarabu lilifika ziwani kwa milango miwili, likamkuta mwenyeji ndani.

Mwenyeji huyo ni embandwa. Kabla ya Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe, kufungua misheni yao Kashozi mwaka 1892, Wahaya walikuwa na ibada ya Bachwezi: Wamara aliyetawala mizimu, Mugasha wa ziwa na dhoruba, Irungu wa mwituni, Kagoro wa radi. Mizimu hiyo ilisema kwa vinywa vya watu waliotawazwa kwa kazi hiyo. Aliyepandwa na Mugasha hakusema kwamba Mugasha amenituma. Alikuwa Mugasha kwa muda ule, akasema "mimi" ya Mugasha, akasalimiwa kwa jina la Mugasha, na mzimu uliposhuka mwenye mwili akarudi kuwa mtu wa kawaida. Mdomo wake uliazimwa. Naye, kama chombo kilichoazimwa, hakuulizwa rai yake juu ya kilichomiminwa ndani yake.

Lakini Buhaya ilikuwa na namna nyingine pia, na hii aghalabu husahauliwa na wanaoandika juu ya dini. Katika utambaji wa hadithi za Kihaya fanani huanza kwa kusema kuwa alikwenda akaona, na hadhira humjibu kwa kumtaka aone ili nao wapate kuona. Peter Seitel, aliyekusanya na kuchambua hadithi hizo, alilichukua jibu hilo la hadhira akalifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Fanani hana ruhusa ya kuendelea mpaka hadhira imtume. Macho ni yake, lakini haki ya kuona amepewa na waliokaa. Kadhalika mpiga nanga wa Ihangiro au Kiziba, ambaye sanaa yake imechunguzwa kwa kina na M. M. Mulokozi, mshairi na mhakiki mwenyeji wa Kagera, huimba visa vya mashujaa na vya Mugasha mwenyewe bila ya kudai kuwa Mugasha. Huyu anasimulia, na wasikilizaji wanajua kuwa anasimulia. Basi Mhaya aliyeingia kanisani kwa mara ya kwanza akasikia habari za manabii hakuwa na masikio matupu. Alikwisha kujua tofauti baina ya mdomo ulioazimwa na jicho lililotumwa.

Ni lipi basi jipya aliloletewa? Mwenye haraka atasema kuwa jipya ni Mungu mmoja badala ya mizimu mingi. Hilo ni kweli kwa upande wa itikadi. Kwa upande wa sauti, jipya lilikuwa mjumbe anayebishana na aliyemtuma. Manabii wa Agano la Kale nao husema "mimi" ya Mungu, na wapo miongoni mwao waliopandisha hali mpaka wakavua nguo, kama inavyosimuliwa juu ya Mfalme Shauli. Lakini wale wakubwa, ambao maneno yao yamekuwa vitabu, hawapotei ndani ya ujumbe. Yeremia analalamika kuwa yeye ni kijana na hajui kusema. Baadaye anamlaumu Mungu kwa kumhadaa. Isaya anaona utukufu na jambo la kwanza analolisema ni uchafu wa midomo yake. Amosi anamkatalia kuhani jina lenyewe la nabii, akasema kuwa yeye ni mchungaji na mtunza mikuyu. Yona anapanda jahazi la kwenda upande mwingine. Na kila ujumbe unapotolewa, hutiwa muhuri wa maneno machache yanayokumbusha kuwa anayesema ni Bwana na anayetamka ni mwingine. Muhuri huo ndio fani ya unabii. Hutenganisha nafsi mbili zilizomo katika kinywa kimoja, na embandwa hakuwa na haja nao, kwani nafsi yake ilikwisha kuondoka.

Hapa ndipo "nabii" linapoonekana kuwa neno zuri, na waliolishikilia walikuwa na haki. Mleta habari si habari. Wahenga wa pwani walisema kuwa mjumbe hauawi, wakijua ya kwamba watu hutamani kumuua, na historia ya manabii wa Israeli ni historia ya watu waliolivunja sharti hilo.

Hata hivyo, muhuri una udhaifu wake: kila mtu aweza kuuchonga. Katika sura ya 28 ya kitabu cha Yeremia anatokea Hanania, naye hutumia maneno yale yale ya kufungulia ujumbe anayoyatumia Yeremia, katika Hekalu lile lile, mbele ya watu wale wale. Anaahidi kuwa nira ya Babeli itavunjika kwa miaka miwili, akaivunja ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia ili watu waone. Kwa kipimo cha fani Hanania hana kasoro. Pengine hata ni bora zaidi, maana utendaji wake unavutia macho. Na Yeremia hana la kumjibu papo hapo. Kwanza anasema amina, akitamani iwe hivyo. Kisha anaonya kuwa anayetabiri amani hupimwa kwa kutimia kwa neno lake. Kisha anajiendea zake. Hakuna kisa katika Biblia kinachosema kwa uwazi zaidi kuwa uzuri wa usemi hauthibitishi chanzo chake. Mhakiki wa ushairi hulijua hilo kila siku: vina vinaweza kukamilika na shairi likawa tupu.

Ikiwa muhuri hautoshi, mfumbuaji wa Roehl anastahili kuitwa tena barazani. Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa fumbo ni nini. Husemwa kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Basi msomaji akitazame kisa cha Nathani katika kitabu cha pili cha Samweli. Mfalme Daudi amemchukua mke wa Uria na kumtoa Uria mwenyewe auawe vitani. Nathani anaingia kwa mfalme na kisa cha tajiri mwenye makundi ya mifugo, aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, aliyemlea kama mtoto. Mfalme anaghadhibika, anamhukumia kifo tajiri yule, na ndipo Nathani anapomwambia kuwa tajiri ni yeye. Kazi iliyofanyika hapo haikuwa ya kupeleka habari, kwani habari Daudi alikuwa nayo kuliko mtu yeyote. Nathani alifumba ili mfalme afumbuke. Hukumu ilitoka katika kinywa cha mkosaji mwenyewe. Neno la Mungu, kwa maana hii, halikushuka juu ya msikilizaji kama jiwe, lilimtoka ndani.

Kosa la Roehl, basi, lilikuwa kudhani kuwa maneno mawili hayawezi kukaa nyumba moja. Nabii hutaja uhusiano wa mjumbe na aliyemtuma. Mfumbuaji hutaja uhusiano wa mjumbe na anayemsikiliza. Kanisa la Kiswahili lilibaki na la kwanza likalipoteza la pili, na pamoja nalo likapoteza kidogo ile haki ya msikilizaji.

Haki hiyo ilirudi Bukoba kwa njia ambayo hakuna mfasiri aliyeipanga. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, uliochipuka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ulifika Buhaya mwishoni mwa miaka hiyo. Watu walisimama mbele ya kusanyiko wakataja dhambi zao kwa majina. Waliokuwa wameiba wakarudisha. Kwa masikio yaliyozoea embandwa, hili lilikuwa geuzo la ajabu. Mtu anasimama, watu wananyamaza, anasema "mimi", na "mimi" hiyo ni yake mwenyewe. Ni nafsi yenye deni inayosema, bila ya kujificha nyuma ya Wamara wala nyuma ya muhuri wa kinabii. Na mwenye kusikia, kama Daudi, hujikuta amejihukumu kabla hajaambiwa neno. Huo ulikuwa ufumbuaji ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Miongoni mwa walioguswa na uamsho huo ni kijana Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye mwaka 1964 alikuwa askofu wa Kilutheri huko Bukoba na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kitabu chake cha mwaka 1974 kinahusu Kanisa, ukoo na ulimwengu. Kwamba ukoo umewekwa kati si jambo dogo, kwani ndani ya ukoo ndimo nabii anamokosa heshima, na ndimo anamojulikana. Anayeungama kijijini kwake huungama mbele ya watu wanaojua kama anasema kweli.

Mtangulizi wa Kibira katika uaskofu alikuwa Msweden, Bengt Sundkler, na katika maisha yake mna jambo la kutafakariwa. Mwaka 1948 alitoa kitabu kilichomfanya ajulikane duniani, juu ya manabii wa Kibantu wa Afrika ya Kusini na makanisa waliyoyaanzisha kwa ndoto na maono. Huyu bingwa wa manabii alikwisha kufanya kazi Bukoba katika miaka ya vita, na kuanzia mwaka 1961 hadi 1964 akawa askofu wa Waluteri wa huko. Kitabu chake juu ya Bukoba kina jina ambalo Mswahili hulisoma akadhani kinataja bara. Kwa Kisweden "bara" ni "tu", yaani "Bukoba tu". Bukoba haikukosa mafarakano. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya watu wa uamsho walijitenga wakaunda Kanisa la Roho Mtakatifu. Lakini sehemu kubwa ya uamsho ilibaki ndani ya Kanisa, ikawa sauti ya kulionya badala ya kuwa kanisa la mtu mmoja mwenye maono. Sababu ni nyingi. Mojawapo, kwa mwenye kusikiliza sauti, ni kuwa ungamo haliwezi kumilikiwa na mmoja. Ndoto huotwa na mmoja wengine wakafuata. Dhambi kila mtu anazo zake.

Upande wa Wakatoliki, ambao katika Muleba wana historia ndefu na seminari kongwe ya Rubya, jambo hilo lilisemwa kwa lugha nyingine. Laurean Rugambwa, mtoto wa nchi hiyo aliyezaliwa mwaka 1912 na kufanywa kardinali mwaka 1960, alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliofundisha kuwa kila aliyebatizwa ana fungu katika kazi ya kinabii ya Kristo. Kwa imani ya Kikristo neno la mwisho la Mungu ni Kristo mwenyewe, na kila unabii baada yake huwekwa mezani upimwe na kusanyiko. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho hivyo hivyo: wawili au watatu waseme, wengine wapambanue. Hao "wengine" ndio hadhira ya Kihaya inayomwambia fanani aone ili nao waone.

Msomaji Mwislamu, ambaye kwake unabii umekwisha kupigwa muhuri, atasema kuwa suala hili halimhusu. Kwa itikadi ni kweli. Kwa ushairi linamhusu sana. Qur'ani yenyewe, katika sura ya 26 iliyopewa jina la Washairi, huweka mpaka baina ya mtume na mshairi, na watunzi wa mwambao waliuheshimu mpaka huo kwa adabu isiyo na mfano. Mtunzi wa utenzi huanza kwa jina la Mungu na humaliza kwa kulitaja jina lake kama mja mwenye kasoro anayeomba dua. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alikuwa na kila kilichohitajiwa na mwonyaji wa watu: Pate iliyoanguka, majumba yaliyokuwa mapango ya popo, matajiri waliolala mchangani. Angeweza kuwapigia watu ukelele. Hakufanya hivyo. Aligeuka akauambia moyo wake. Msomaji anayesikia moyo wa mwingine ukikemewa hugundua kuwa wake nao umesimamishwa mbele ya hukumu. Nathani wa Yerusalemu, Sayyid Abdalla wa Pate na mwungamaji wa Bukoba hawakujuana, na dini zao hazikuwa moja. Lakini njia yao ya kulifikisha neno la kuogofya ni moja, na kila mmoja ameacha nafasi ili msikilizaji afumbue mwenyewe.

Haya si mambo ya baraza la kupunga upepo tu. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, katika watu ambao lugha yao ni ndugu ya Kihaya, mamia ya waumini waliteketea ndani ya nyumba ya ibada iliyofungwa. Viongozi wao walidai kupewa ujumbe na Yesu na Bikira Maria, wakatangaza kuwa dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Mwaka ulikwisha, dunia ikabaki. Kipimo cha Yeremia kilikuwa kimeshatoa jibu. Lakini katika jamaa ile hapakuwa na mtu aliyepewa nafasi ya kulisema, kwani wafuasi walikuwa wameagizwa kukaa kimya na kuwasiliana kwa ishara. Hadhira ilikatazwa kumwambia fanani aone ili nao waone. Aliona peke yake, na kwa maneno yake watu walitiwa motoni.

Leo cheo cha nabii kimeandikwa katika mabango ya barabarani kote Tanzania, na wengi wa wenye cheo hicho husema kwa ufasaha. Yupo atakayeuliza wapimwe vipi, na jibu la mhakiki haliwezi kuwa jibu la kadhi wala la askofu. Linaweza kuwa jibu la sikio tu. Asikilizwe anayesema, aulizwe "mimi" yake ni ya nani. Aulizwe kama neno lake limemgharimu yeye kabla ya kumgharimu msikilizaji, kama Yeremia aliyeuvaa mti wa nira shingoni mwake mwenyewe. Aulizwe, mwisho, kama ameacha pa kujibia. Neno linalomfunga msikilizaji mdomo huwa limemfumba. Na yule mfasiri wa Kijerumani, pamoja na ukaidi wake wote juu ya Kiarabu, aliona vyema kuwa kazi ya mtu wa Mungu ni kinyume cha hiyo.